Gari Langu Linakata Kushoto Kwanza

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkutano asubuhi. Bosi wetu, mhandisi Lorraine Yuen, katangaza kwamba magari yanayojiendesha ya kampuni yana adabu kupita kiasi. Wiki iliyopita moja lilisimama kwenye makutano ya Liberty Avenue dakika kumi na moja, likingoja kila mtu apite. Watu wakapiga honi. Mmoja akashuka akalitukana. Gari likamngoja amalize kutukana.

Sasa yanatakiwa yaendeshe kibinadamu. Kila gari litamtazama mwalimu wake siku nne na kumwiga. Ijumaa ni majaribio mbele ya diwani. Walimu ni wawili, mimi na Denise Palumbo. Atabaki mmoja. Mwingine anarudi ghalani kupakia matairi.

Mgongo wangu hauwezi matairi. Naogopa, na nalisema humu tu. Mbele ya Denise nilipiga mluzi.

Yeye kaendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Mimi gari la mikate, thelathini na moja. Nimeshashinda!

Jumanne, 8 Oktoba

Nina siri ya ushindi. Bosi katoka California, hajui mambo ya Pittsburgh. Hapa kwetu taa ikiwa kijani, gari la kwanza linalokata kushoto linatangulia, na anayekuja mbele yake anamwachia. Haijaandikwa popote. Bibi yangu alifanya hivyo, padri anafanya hivyo. Gari likijua hilo, nani atasema si binadamu?

Nimelifundisha kutwa nzima. Mara thelathini na nane. Mwanzoni lilisita. Jioni likawa linachomoka lenyewe kama lina mgonjwa ndani. Nilikaribia kulia.

Denise alinikuta maegeshoni akaniambia eti nimesahau nusu ya somo. Unamtazama kwanza yule wa mbele, akikupungia mkono ndipo unakata. Asipokupungia, unatulia. Nikamwambia gari halina macho. Akasema, "Mzee Bernie, lina kamera kumi na nne." Nikajifanya simu inaita.

Ile nusu nyingine nimeiruka. Siku hazitoshi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa kumkwamisha Denise. Kila saa sita mchana gari lake hujifunza kuegesha mbele ya kanisa. Nikachukua kiti cha jikoni nyumbani, nikakiweka pale pale. Katika mji huu ukiweka kiti barabarani, nafasi ni yako, hata polisi hakigusi. Nikajibanza nyuma ya gari la takataka kuangalia atakavyohangaika.

Gari lake likafika, likakiona kiti, likapunguza mwendo, likaenda kuegesha mtaa wa pili. Bosi, aliyekuwa kando ya barabara akitazama somo, akaruka kwa furaha. Gari linaheshimu kiti! Akampiga picha Denise.

Halafu likaja langu, na mimi simo ndani. Likakisukuma kiti kwa bampa hadi kikalala, likapanda juu yake, likaegesha. Limejifunza wapi ushenzi huo? Ni kweli Jumatatu nilisogeza kiti kimoja mbele ya duka la donati, lakini ilikuwa dakika mbili tu. Hiyo haihesabiki.

Marge, mke wangu, kauliza kiti kiko wapi. Nikasema nimekiazimisha kanisani. Nimekula pierogi zake za viazi nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Somo la mwisho, handaki la Squirrel Hill. Hapa kila mtu hukanyaga breki akifika mdomoni mwa handaki. Bosi kauliza kwa nini gari langu linafanya hivyo. Nikasema ndivyo binadamu wanavyofanya. Akauliza, kwani handakini kuna nini? Nikasema kuna handaki. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Dalili njema.

Njiani nimepitia donati, kama kila siku saa tatu. Mwalimu naye anakula.

Ijumaa, 11 Oktoba

Majaribio. Naandika polepole, nisiruke kitu.

Saa tatu kasoro tukawa kwenye taa za Liberty Avenue. Mimi na bosi ndani ya gari langu, tunataka kukata kushoto. Ng'ambo, tukitazamana, gari la Denise likiwa naye pamoja na diwani Fazio, wao wanakuja moja kwa moja. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mikono mapajani.

Taa haijawa kijani, gari langu likachomoka! Bosi akapiga yowe, kahawa yote ikamwagikia koti lake. La Denise likatulia, likawasha taa mara mbili kutuambia tupite. Diwani akashusha kioo akapiga makofi, alidhani ni maonyesho tuliyopanga.

Tulitakiwa tunyooke hadi ofisini. Gari likakataa. Likaenda duka la donati, likasimama katikati ya njia, likapiga honi. Mwenye duka akatoka na mfuko wangu, akalikabidhi kupitia dirishani, akaliamkia. Bosi akasema kwa sauti ya chini kwamba katika maisha yake hajaona gari lenye kiburi namna hii. Nikampa donati moja. Hakupokea.

Matairi yananiita. Nimelala na mto chini ya mgongo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ajabu! Sirudi ghalani.

Denise ndiye mwalimu, sawa, tumwachie. Lakini bosi kaniita peke yangu. Kasema magari yatakayofundishwa na Denise yanahitaji kukutana barabarani na dereva wa aina fulani, wa kujihadhari naye. Wametafuta mji mzima na hawajapata anayenifikia. Kazi ni ya kudumu. Sharti ni moja, niendeshe kama nilivyozoea, nisirekebishe kitu. Alilirudia mara tatu. "Bwana Hruska, siku ukianza kuendesha vizuri, sina kazi ya kukupa."

Denise kanishika mkono akasema, "Mzee, hii umezaliwa nayo." Hakuwa anacheka. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Lakini nimekaa nikawaza. Hawanijui hawa. Wakiona ninavyoweza kweli, si watanipa na cheo cha Denise? Kesho naanza. Kwenye taa nangoja, naachia wengine, napunga mkono. Kutwa nzima, bila kosa hata moja. Marge kaniomba nisifanye hivyo. Marge hajui mambo ya ofisini.