Mguu wa Wamboi Umeteguka, Nawe Unatibu Kichwa

Kitale, 23 Mei 2006

Kwa Mwalimu Nakhungu wa michezo,

Pokea salamu za mama ya Wamboi, yule wa kidato cha pili anayecheza mpira pembeni, namba ya wingi. Huku kwetu mahindi imefika magotini, tunashukuru.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimeketi. Unasema nesi amepima mguu na umepona, lakini Wamboi hatacheza fainali ya Jumamosi huko Webuye. Ati aliteguka kwa sababu ya wasiwasi. Ati mchezaji mwenye wasiwasi hukaza misuli, haoni kando, anaumia. Mwalimu, mtoto ameumia mguu, nawe unatibu kichwa? Lakini wewe umesoma, mimi niliachia darasa la nne, kwa hivyo nimekubali. Sasa tuondoe hizo wasiwasi pamoja:

1. Mtihani wa hesabu usifanywe wiki ya mpira. Hata inayofuata, ndio akili ipoe.

2. Githeri ya shule, hayo mahindi na maharagwe, iko na mawe. Mtu anayetafuna akiogopa jiwe atatulia namna gani uwanjani?

3. Wale mtacheza nao wana beki anaitwa Chesang, wa Kapsokwony, amezoea mlima na hachoki. Waandikie kwa heshima wamwambie atabasamu. Kama hawezi, aketi.

4. Refa asipulize firimbi ghafla. Wamboi hushtuka tangu akiwa mchanga. Aanze pole pole.

5. Kufungwa goli pia ni wasiwasi. Hao wengine wakubali mapema kwamba wameshindwa, tumalize hiyo maneno.

Na akikosa fainali atakaa kwa benchi akilia. Si hiyo ni wasiwasi mpya, Mwalimu, na umeileta wewe?

Nisalimie mwalimu mkuu, na Edinah mpishi, asione ni kama nimemsema. Wamboi mwambie avae soksi.

Ni mimi mzazi mwenzako,
Rahab Muigai

Nimeongeza: Kabla sijafunga bahasha Wamboi amenipigia kwa simu ya matroni. Anasema hakuwa na wasiwasi yoyote, mpaka aliposikia mama fulani wa sweta ya kijani akikimbia kando ya uwanja na kupiga nduru, "Utavunjika mguu, mami, utavunjika!" Akageuka kumtazama, ndio akateguka. Kwa hivyo mambo ya mtihani na Chesang wacha tu. Mchezeshe Jumamosi. Mimi nitakuja, lakini nitavaa sweta ya buluu.