Ripoti ya Kurasa 43 kwa Bibi Halina

Jumatatu, 11 Agosti

Leo maisha yangu yamepata maana! Bibi Halina ananunua gari. Bwana Petrakis, muuza magari aliyewahi kufanya naye kazi kwenye kiwanda cha magari, amemwachia mawili uani ayajaribu wiki hii. Moja ni la spoti, la Kijapani, jekundu, jembamba, lenye akili. Jingine ni la misuli, kama yanavyoitwa yale ya injini kubwa, la hapa hapa Detroit, jeusi, pana kama kitanda, linalonguruma hata likiwa limesimama. Ijumaa anachagua. Jumamosi ni msafara wa magari wa kila mwaka kwenye Barabara ya Woodward, na magoti ya Bibi yamechoka. Anahitaji dereva.

Dereva huyo lazima niwe mimi. Nina leseni tangu miezi minne iliyopita! Hesabu ni rahisi. Likishinda la spoti, naendesha mimi. Likishinda la misuli, anaendesha binamu yangu Corbin, anayelisifia tangu asubuhi kwa sauti ya mnadani.

Ningeweza kumwomba Bibi moja kwa moja. Nilijaribu wakati wa chakula. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 12 Agosti

Ripoti imekamilika. Kurasa 43, majedwali tisa. La misuli lina silinda nane na nguvu za kutisha kwenye barabara iliyonyooka. La spoti lina silinda nne tu, lakini ni jepesi, na kwenye kona linapita kama sindano kwenye kitambaa. Kuna sura nzima kuhusu kona.

Corbin akaipima ripoti kwa mkono, kisha akasema Woodward imenyooka kama rula, hizo kona nitazitoa wapi, Profesa?

Nikaiweka mezani mbele ya Bibi, nikakimbia. Niliporudi, sufuria ya pierogi, vile vifuko vya unga vya Kipolandi vilivyojazwa, ilikuwa imekaa juu yake. Ukurasa wa kwanza una duara la maji. Lakini ameigusa!

Jumatano, 13 Agosti

Mkakati mpya: sifa kutoka kwa wenzake. Kila Jumatano wastaafu wa kiwanda hula pamoja kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Nikampeleka Bibi kwa gari la spoti. Nilipita kona tano zisizo za lazima. Bibi akashika kishikio cha mlango, akauliza kama nimepotea.

Langoni ndipo nilipolikumbuka bango. Lipo tangu kabla sijazaliwa: gari lisilotengenezwa na wanachama likaegeshwe ng'ambo ya reli. Mzee Odell, mlinzi, alilitazama gari letu kama mtu aliyeletewa supu baridi. Nikamfungulia ukurasa wa 17, unaothibitisha kwamba matairi yametengenezwa Ohio.

"Sawa, kijana wangu," akasema. "Matairi yaingie. Gari libaki nje."

Tulitembea kutoka ng'ambo. Treni ya mizigo ikatuzuia, mabehewa mia moja na manne. Niliyahesabu. Bibi alicheka hadi akaegemea nguzo. Tulipofika, zilibaki pierogi za kabichi tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimegundua siri! Bibi alipachika milango kiwandani miaka thelathini na mmoja. Leo nimemchungulia dirishani. Hatazami injini, hatazami viti. Anafungua mlango, anaufunga, anasikiliza, kichwa upande. La misuli: duf. La spoti: ta. Akakunja uso.

Kumbe ni sauti tu! Alipotoka kwenda kanisani, nikafungua paneli ya mlango wa gari la spoti. Skrubu sita, vibanio kumi na kimoja, vyote kwenye kikombe kwa mpangilio. Nikajaza taulo nne. Nikarudisha kila kitu bila mkwaruzo. Nikafunga. Dufff! Nikacheza uani peke yangu. Jirani ameniona. Sijali!

Ijumaa, 15 Agosti

Bibi akafunga mlango wa gari la spoti. Akasimama. Akaufunga tena.

"Alwin," akasema, "taulo zangu nne za bafuni zinafanya nini humu?"

Nne! Hata idadi aliijua! Corbin alijiangusha kwenye nyasi kwa kicheko. Bibi akaniamuru nizitoe mbele yake. Skrubu sita, vibanio kumi na kimoja, nikatoa, nikarudisha. Akapitisha kidole ukingoni mwa paneli, akasema kiwandani aliwajua watu wazima waliokuwa wakishindwa kazi hiyo.

Kisha akachagua la misuli. Nilikwisha.

Kisha akanitupia mimi ufunguo!

Corbin akauliza, na yeye je? Bibi akasema Corbin akiendesha huongea, na yeye anataka kuisikiliza injini. Kumbe alikuwa ameshaamua tangu Jumatatu kwamba dereva ni mimi.

"Nilikuwa nangoja uniombe, mjukuu wangu," akaniambia. "Neno moja tu. Wala tusingevuka reli."

Jumamosi, 16 Agosti

Woodward! Watu na viti vyao vya kukunja, maili kwa maili, na mimi katikati, kwa mwendo wa baiskeli, silinda nane zikinguruma chini ya miguu yangu! Bibi alifumba macho, mkono nje ya dirisha, akisikiliza. Hakuna kona hata moja. Gari la misuli ni bora mara kumi. Sura ya kona nimeichana.

Marisela, anayekaa mkabala nami kwenye maktaba ya shule, alikuwa kwenye kiti kando ya barabara. Alinipungia mkono. Mimi! Nikapiga honi kwa bahati mbaya.

Jumapili, 17 Agosti

Somo nimelielewa barabara: ripoti zinafanya kazi.

Nataka kumpeleka Marisela kula aiskrimu kwa gari la Bibi. Kwa hiyo nimeandika mbili. Ya Bibi ina kurasa 58. Ya Marisela ni fupi, majedwali sita tu. Taulo nimezifua, zipo tayari.

Asubuhi Bibi aliketi mbele yangu, ufunguo mezani kati yetu. Akauliza kama kuna neno ninataka kumwambia.

Nikaomba chumvi.