Malkia wa Vidole Sita

Mtaani walimwita Profesa, ingawa chuo pekee alichowahi kuingia ni kile alichokwenda kuuza vyeti. Alikuwa na tai mbili, ulimi mmoja wa kazi, na adha moja iliyomkosesha raha: mama mkwe. Yeye na mkewe walikaa sebuleni kwa mama huyo, nyuma ya pazia, na hawakuweza kulala mpaka mgeni wa mwisho aage. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, na wateja wa fundi cherehani, jamani, hawaagi. Profesa alikuwa ameapa: lazima apate chumba chake, chenye mlango, na mlango wenye komeo.

Basi siku moja akajibanza ndani ya duka la vitabu kukwepa mvua. Wakati huo watoto wote walikuwa wamepagawa na vile vitabu vya yatima anayetumbukia kisimani na kukuta ufalme huko chini. Watu wazima nao walikuwa wamepagawa kwa namna yao. Wapo waliosema mtunzi ameiba hadithi kwa yaya wake, na wapo waliosema vinafundisha uchawi. Hao wa mwisho, kwa desturi, walikuwa hawajavisoma.

Kwenye kaunta, afisa mmoja mstaafu wa forodha alikuwa akimsomesha muuzaji.

"Toleo la kwanza, mchoraji alimpa malkia vidole sita mkono wa kushoto. Mtunzi akaja juu, nakala zikarudishwa kiwandani, zikasagwa. Zimepona chache mno. Mimi nikiipata moja, natoa bei ya pikipiki mpya, tena papo hapo."

Profesa akasahau mvua. Kitabu hicho alikiona kwa macho yake kwenye maktaba ya shule ya msingi ya jirani, siku alipokwenda kuwauzia globu zilizokosa bara moja. Akamsogelea Mstaafu kwa adabu zote, akaomba namba ya simu.

Mtu mwingine angekwenda kukiiba. Profesa hakuwa mwizi, na jambo hilo alishawaeleza hata polisi. Yeye alipenda watu wampe wenyewe, halafu wamshukuru.

Jumamosi kukawa na mkutano wa wazazi. Profesa alijialika, akasimama mbele ya darasa akiwa na tai yake nyekundu, akakiinua kile kitabu cha maktaba kwa ncha za vidole.

"Ndugu wazazi, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema, akaendelea kwa muda mrefu sana. Mwishowe akafika alikotaka. "Hesabuni vidole vya huyu malkia."

Wakahesabu. Darasa zima likaguna.

"Cha sita ni cha nini, enyi wazazi? Ndicho cha kuitia!"

"Kuita nini?" akauliza baba mmoja.

"Hilo, mzee wangu, mbele ya kina mama silisemi."

"Ndiyo maana!" baba akaruka kutoka kwenye kidawati. "Wangu tangu aanze kukisoma hataki kuosha vyombo!"

Mwalimu mkuu alijaribu kusema ni kosa la mchoraji tu, lakini nani amsikilize? Wazazi wakapitisha kwa kauli moja kwamba kitabu kiondoke, na kwa kuwa si kila mtu anaweza kukiteketeza bila kudhurika, wakamsihi Profesa abebe mzigo huo. Akakataa mara mbili, kama inavyopasa. Alipokubali, akatazama viti vya nyuma na kumwona mama mkwe. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mjukuu wake anayesoma pale, tena anampigia makofi.

"Shikamoo mama," alimwambia mlangoni, jasho likimtoka.

"Marahaba mwanangu. Leo umenifungua macho."

Jioni akakificha kitabu chini ya godoro, akampigia Mstaafu simu kwa kunong'ona. Ninacho. Vidole sita. Bei ni ile ile? Kesho saa kumi nakuletea kwako, pale nyuma ya duka la vitabu. Alisahau kwamba pazia huzuia macho tu.

Kesho yake akatoka kwenda kuangalia vyumba vya kupanga. Alivikagua kibwana, akagongagonga kuta. Aliporudi, mama mkwe alikuwa uani, anachochea majivu ndani ya ndoo kwa kijiti.

"Nimekusaidia kukiteketeza kile kidudu chako, mwanangu. Chini ya godoro la binti yangu! Kingeita nini hapo?"

Ulimi wa Profesa, uliolisha familia miaka yote, ungesema nini? Kwamba hakina uchawi? Mama angeitisha mkutano.

"Asante, mama," alisema. Roho ilimuuma mno.

Akaenda kwa Mstaafu kumwomba radhi, na ikiwezekana amuuzie globu. Akamkuta anafuta vumbi kwenye kabati la kioo. Ndani yake malkia alikuwa amekaa na vidole vyake vyote sita.

"Umechelewa, Profesa! Mama mmoja kaniletea asubuhi. Mtaratibu, tepu ya kupimia shingoni. Akaniambia nisikusubiri, wewe ni tapeli."

Profesa alirudi nyumbani mbio. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, anatia uzi kwenye sindano.

"Mama, yale majivu yalikuwa ya nini?"

"Kalenda za zamani."

"Mama, umeniingiza mjini!"

"Sema kwa sauti, baba, wazazi wakusikie. Shule nimewanunulia vitabu vipya, seti nzima. Mwalimu mkuu anajua umevitoa wewe." Akakata uzi kwa meno, kisha akatoa funguo mfukoni na kuziweka mezani. "Na hiki ni chumba chenu. Kina mlango na komeo, kodi nimeshalipa ya mwaka."

Profesa akazitazama funguo. Machozi yalimlengalenga, kwa kweli. Alizishika kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Mama, Mungu akuzidishie. Ni wapi huko?"

"Kwa dada yangu mkubwa," alisema mama mkwe, akakanyaga cherehani. "Yule aliyenifundisha mimi."