Injini ya Kumbeba Bibi Harusi

Jumatatu, 8 Septemba
Kikao cha harusi. Dada Aurelia katangaza kuwa Jumamosi bintiye Hilda atabebwa na gari la shemeji Pankrasi, mume wa mdogo wetu. La shemeji! Mjomba wa damu nipo, nimekaa mbele kabisa, natafuna karanga. Nikapinga. Pankrasi akacheka, eti kigari changu cha cc 1300 kilishindwa mlima wa Matogoro, abiria wakashuka kusukuma. Mzushi huyu! Walishuka wawili tu. Dada kasema nikileta gari lenye nguvu kabla ya Jumamosi, atafikiria. Watanitambua.

Jumatano, 10 Septemba
Gereji kwa fundi Abdulhamid, Msamala. Kanishauri injini ya cc 1800: nyepesi, inavuta tangu chini, mjini haisumbui. Ya cc 3000 ni tamu barabara ya Njombe, kasema, ila rejeta yangu ya kuipoza itaelemewa, na mwendo wa pole haiuwezi. Nikamuuliza ya Pankrasi ni ngapi. Elfu mbili. Basi, funga elfu tatu! Fundi akashika kichwa. Mke wangu naye kauliza kama bibi harusi anakimbizwa na polisi. Hajui injini huyu.

Ijumaa, 12 Septemba
Imeingia! Boneti haifungi, nimeikaza kwa utepe wa harusi. Nimepita mbele ya nyumba ya Pankrasi, nikarudi, nikapita tena. Kuku walitawanyika. Akatoka kusema kelele si nguvu. Wivu tu! Dada kasikia ngurumo, kakubali. Hilda ni wangu!

Jumamosi, 13 Septemba
Tumetoka kanisani. Matarumbeta mbele juu ya pikapu, akina mama wanacheza barabarani, na gari la bibi harusi hufuata miguu yao. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikigusa mafuta, linaruka. Nikiachia, linazimika. Shela ya Hilda ikamfunika bwana harusi. Akina mama wakadhani gari nalo linacheza, vigelegele! Kisha mvuke. Likachemsha, likafa katikati ya barabara. Nikamwona Pankrasi nyuma anawasha taa, anakuja kumchukua mpwa wangu. Roho iliniuma! Nikaruka nje, nikapaza sauti kwamba binti wa ukoo wetu hapelekwi ukumbini kama mzigo, anatandikiwa khanga. Akina mama hawakusubiri. Khanga chini, moja baada ya nyingine, Hilda akazikanyaga mpaka mlangoni. Dada alilia, akasema heshima ile hajawahi kuiona Songea. Nikamwambia niliipanga tangu mwanzo. Pankrasi alifika na gari tupu. Tupu!

Jumatatu, 15 Septemba
Video ya khanga zile imeenea mji mzima, hadi Peramiho. Familia mbili zimeshaniomba niwabebee mabinti zao. Abdulhamid ananisihi turudi kwenye cc 1800 kabla sijaumbuka. Nimemwelewesha polepole, maana ni mtu mzima: injini ilichemsha kwa sababu ilizidiwa. Ilikuwa ndogo. Nimemwagiza V8.