Sasisho Lisilobisha Hodi

Jumatatu, 9 Juni

Siku imeharibika kabla ya chai. Nimefungua studio, nimewasha kompyuta kubwa, nimekaa kwenye kiti changu nianze kusafisha picha za harusi. Mara dirisha la kijivu katikati ya kioo. Sasisho la mfumo liko tayari, anzisha upya sasa. Basi! Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna samahani kwa usumbufu. Limeniamuru kama mtoto anayetumwa chumvi. Nimelifunga. Baada ya chai limerudi. Nimelifunga tena na kulisindikiza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Watu wanadhani naogopa. Siogopi. Mimi ndiye mwangalizi wa mashine zote za studio hii, kwa kauli ya mwenye studio, ambaye ni kaka wa mke wangu. Siku alipozinunua alisema mwenyewe: shemeji, hizi utakuwa unaziangalia. Nimeziangalia. Na katika kuangalia kwangu nimegundua kwamba sasisho halali utalijua kwa adabu yake. Kampuni kubwa yenye watu wa kuandika barua haiwezi kumvamia mtu kazini bila hodi. Likija bila hodi, la matapeli hilo.

Bi Cheti hakubali. Jina nimempa mimi, humu ndani tu. Ni yule dada wa kurekebisha picha, aliyepigilia cheti chake cha kompyuta ukutani, karibu na picha ya shemeji, tena kikubwa kuliko picha ya shemeji. Anasema dirisha la kijivu ni la watengenezaji wenyewe, linaziba matundu, na mimi nimelikataa tangu Januari. Nikamuuliza matundu yako wapi, mbona siyaoni. Akacheka kwa pua.

Najua anachotaka. Shemeji anafungua studio ya pili karibu na soko na anatafuta msimamizi. Ni mimi au ni yeye. Amesema ataamua baada ya kuona albamu ya harusi ya binti wa mwalimu mstaafu, inayochukuliwa Jumamosi. Na hiyo si albamu tu. Mama yake mwalimu, bibi yake bibi harusi, alifariki muda mfupi baada ya sherehe. Picha zake za mwisho ni hizo, na ziko ndani ya kompyuta kubwa. Mwalimu hupita kila asubuhi akiuliza kwa sauti ya chini kama ziko salama. Namwambia, mzee wangu, ziko mikononi mwangu.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimetumia akili. Lile dirisha lilikuwa linalalamika kwamba mfumo haujasasishwa kwa miezi mingi. Nikajiuliza, linajuaje? Linatazama kalenda! Basi nikalinyang'anya kalenda. Nikaingia penye saa na tarehe, nikairudisha mashine mwaka jana mwezi wa kwanza. Dirisha likatoweka. Nikapiga mluzi mpaka Bi Cheti akaniomba nipunguze.

Mchana akaja mteja mmoja amevimba kwa hasira. Asubuhi tulimpiga picha za pasipoti, na mashine yetu huchapa tarehe kwa nyuma. Ofisini wamemrudisha, wamemwambia picha zake ni za zamani mno. Amesimama mbele yangu na shati lile lile, tai ile ile, hata kipele cha shavuni ni kile kile, anataka kujua amezeeka saa ngapi. Shemeji akatoka nyuma ya pazia. Bi Cheti akageuka. Akatazama tarehe kwenye kona ya kioo, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuchongewa kwa ukimya namna ile.

Nikasema mashine imechoka. Nikairudisha tarehe. Dirisha la kijivu likarudi nalo, halina hata haya.

Jumatano, 11 Juni

Bi Cheti ameitisha somo! Mbele ya shemeji! Ati tujue namna ya kutambua sasisho la kweli. Ukitaka kujua kama lipo, usifuate dirisha linaloruka ukiwa mtandaoni. Ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya mashine, uangalie huko. Ukiwa na shaka, soma taarifa kwenye tovuti ya watengenezaji, uiandike anwani kwa mkono wako. Kabla ya kusasisha, weka nakala ya kazi zako pembeni. Na sasisho la kweli halikuulizi namba ya simu, halitaki nenosiri la barua pepe yako, wala halikuambii uzime kinga ya virusi. Shemeji anatikisa kichwa kama amehubiriwa.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, je, likija kwa heshima? Akasema heshima haihusiani. Haihusiani! Nikamtazama shemeji nione kama amesikia. Yeye anachokonoa sikio.

Nimefika nyumbani nimeyatapika yote kwa mke wangu. Nilitarajia anitetee. Amesema nimwache huyo dada afanye kazi yake. Kisha, bila sababu yoyote, akanikumbusha ile pasi. Ndiyo, nilinunua pasi mlangoni kwa muungwana mmoja aliyeniita mheshimiwa. Ndiyo, haipati moto. Iko chini ya kitanda ndani ya boksi lake, inasubiri fundi. Sielewi pasi inaingiaje katika mambo ya kompyuta.

Alhamisi, 12 Juni

Amefanya tusi jingine. Nimemkuta ananakili picha zote za harusi kwenye kidiski cheusi kidogo kama kiberiti. Nimeuliza kwa nini. Amejibu kwamba anataka ziwepo mahali pengine, ikitokea lolote. Lolote ni nani? Lolote ni mimi! Amekichomoa, amekiweka kwenye droo, droo haina hata kufuli, akaenda zake kunawa mikono.

Hapo ndipo nikapata wazo. Nimekitia mfukoni. Jumamosi, shemeji akiwa amesimama pale na mwalimu amekaa, nitauliza kwa upole kiko wapi kile kidiski cha nakala. Atakitafuta. Atababaika. Nitamwacha ababaike kidogo, kisha nitakitoa na kusema maneno mafupi juu ya uangalifu. Msimamizi wa studio ya sokoni atakuwa amepatikana bila kura.

Nimekificha nyumbani ndani ya boksi la pasi. Hakuna anayeigusa pasi ile.

Ijumaa, 13 Juni

Shemeji ameenda kupima chumba cha sokoni. Bi Cheti ameenda shuleni kupiga picha za darasa. Nimebaki peke yangu, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimepumua. Nikaingia mtandaoni kutafuta fremu za maua za bure kwa ajili ya albamu.

Likatokea. Rangi ya bluu, kingo za dhahabu. Nanakili neno kwa neno: "Hodi. Mheshimiwa Mteja, tunaomba radhi kwa kukukatisha kazi yako muhimu. Tumekuandalia sasisho maalumu la usalama. Je, unaturuhusu tuingie?" Na chini yake kitufe kimeandikwa Karibuni. Machozi yalinilenga. Mwaka mzima nasema sasisho la kweli hubisha hodi, nachekwa. Hili hapa!

Sikubonyeza kwa pupa, watu wasije wakanisingizia. Nililipima kwa somo la Bi Cheti lote. Liliomba namba ya simu: sawa, watampataje mtu wakitaka kumshukuru? Liliomba nenosiri la barua pepe: mgeni huoneshwa vyumba. Likaomba nizime kinga ya virusi: hata mwenye mbwa akipata mgeni hufunga mbwa. Nikajaza yote, nikazima nilichoambiwa nizime, nikabonyeza Karibuni.

Mashine ikanguruma. Picha za harusi zikaanza kubadilika majina moja baada ya nyingine, herufi na namba zisizosomeka. Nikafungua moja, ikakataa. Nikafungua nyingine, ikakataa. Kisha kioo kizima kikawa cheusi, na maandishi mekundu: mafaili yako tumeyafunga, usizime mashine, subiri maelekezo. Hakuna mheshimiwa. Hakuna radhi. Watu walioniita mheshimiwa muda mfupi tu uliopita! Palikuwa na nafasi ya kuandika ujumbe, nikawaandikia kwamba lugha yao imenisikitisha sana. Hawajajibu.

 Nikaifunika mashine kwa kitambaa cha mandhari, kile chenye maporomoko ya maji, nikabandika karatasi: INAPUMZIKA. Bi Cheti aliporudi alikisoma kikaratasi, akakifunua kitambaa, akakaa chini polepole.  Alichomoa waya ukutani, akampigia simu shemeji, akamwambia asiwe na wasiwasi, nakala iko kwenye droo, ataishughulikia asubuhi.

Nakala iko kwenye droo. Chakula cha jioni sikukionja.

Jumamosi, 14 Juni

Nilitoka nyumbani mapema nikiwa na nia ya kukirudisha kidiski kimyakimya. Nikafika njiani nikagundua kwamba nimebeba nia tu, kidiski nimekiacha. Kurudi nikashindwa, maana shemeji alikuwa ameshaniona akaniita tuingie pamoja.

Mwalimu alikuwa anasubiri mlangoni, amevaa koti. Bi Cheti akafungua droo. Akafungua ya pili. Akazitoa zote, akazimwaga mezani, vifutio, betri, gundi. Akapiga magoti akachungulia chini ya mashine ya kuchapisha. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga, hatua kwa hatua, na sikupata raha hata ya punje. Aliposimama midomo yake ilikuwa mikavu. Akamwambia shemeji kwamba kosa ni lake, alikiacha mahali pa wazi, na kama ni kumfukuza amfukuze. Kisha yule mwenye cheti kikubwa akalia, mbele ya wateja, bila kujificha uso.

Mwalimu hakugomba. Afadhali angegomba. Aliketi kwenye kile kistuli cha picha za pasipoti, akavua kofia, akasema, "Wanangu, albamu si kitu. Nitafutieni ile moja tu, mama anapocheka."

Nilitazama dari. Nilitazama feni. Nikasema, "Iko chini ya kitanda changu. Kwenye boksi la pasi."

 Shemeji alinitazama mpaka nikasikia feni inavyozunguka. Alimpigia simu dada yake, na mke wangu akafika na boksi zima kwapani, akaliweka mezani, akauliza mbele ya kadamnasi kama na pasi nayo ilikuwa ya studio. Bi Cheti hakukichomeka kidiski kwenye kompyuta kubwa, ingawa mimi nilimsogezea waya. Alikichomeka kwenye mashine yake ndogo ya mkononi. Picha zilikuwemo zote. Ya mama yake mwalimu akicheka ilikuwemo, kiganja kimefunika mdomo, kilemba kimeteleza kidogo. Bi Cheti akaichapa hiyo kwanza, na mwalimu akaishika kwa mikono miwili muda mrefu. Alimshukuru Bi Cheti, akanipa mkono na mimi pia. Huyo ndiye mtu pekee mwenye malezi katika mji huu.

Jumatatu, 16 Juni

Funguo za sokoni amepewa Bi Cheti. Mimi nimepewa mkasi. Nakata picha za pasipoti, nne nne, na nimekatazwa kugusa chochote chenye kitufe, pamoja na birika la umeme. Kompyuta kubwa imefutwa yote na kuwekewa mfumo upya, na lile dirisha la kijivu lisilo na adabu limekubaliwa, tena Bi Cheti amelibonyeza huku ananitazama.

Na shukrani je? Hakuna! Hebu fikiria. Kama nisingekichukua kile kidiski, Ijumaa ningekuwa nimekichomeka nitafute fremu inayolingana na picha, na kingefungwa nacho. Mimi ndiye niliyeziokoa picha zile! Nimemweleza shemeji. Amesema nikate picha.

Basi, nimerudi nyumbani nimefura, nimekaa peke yangu, mke wangu yuko uani anafua. Simu yangu ikaita. Namba ngeni, sauti ya mtu mzima, tulivu. Alinipa shikamoo. Aliniita mheshimiwa. Akaniambia amesikitishwa sana na yaliyonipata Ijumaa, ni vijana fulani wasio na maadili walioingilia sasisho lao, na kampuni imemtuma yeye binafsi aniombe radhi. Mwishowe, mtu anayeomba radhi! Amesema studio yote atairekebisha akiwa huko huko aliko, na Bi Cheti mwenyewe ataona aibu. Anahitaji tu simu nyingine ya hapa nyumbani, ile yenye akiba zetu, na namba za siri zitakazoingia kwenye ujumbe.

Ya mke wangu iko hapa mezani. Nimemuuliza huyo wa kwenye simu kwa ukali, maana sasa mimi si mtu wa kudanganywa, kama ana ruhusa ya kuingia humo. Hakunijibu kwa amri. Alibisha hodi kwa mdomo, akasubiri. Akabisha tena.

Nimemwambia karibu ndani.