Faranga Kumi na Sita za Fizi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa saba 1956

Mi ndiye fundi masoni wa kwanza toka Baraka mpaka Lweba. Ukuta wangu ukisimama, timazi yenyewe inaona haya.

Sawa. Daftari ni yangu, nisijidanganye. Mi ni mukoroga udongo. Nilijenga kitu kimoja tu maishani: nyumba ya kuku ya mwalimu Eugène. Imeinama. Kuku wamezoea.

Bibi yangu wa ndoa, Anastasie, amevuka kwenda Ubwari kwa dada yake. Aliniachia neno moja mulangoni: "Nitarudi siku nitakayolala chini ya mabati." Miaka thelathini ya nyasi inayovuja, eti imemutosha. Hapa Baraka, tunapojenga nyumba ya bagonjwa, mukoroga anapata faranga kumi kwa siku na posho ya unga na ndagala, samaki badogo ba ziwa. Kwa mwendo huo mabati nitayanunua nikiwa kaburini. Lakini leo dereva wa kamyo kaniambia: kule Fizi, kwenye magazini ya kuwekea pamba, mukoroga ni kumi na sita! Masoni ni ishirini na tano! Udongo ni uleule.

Basi nitakuwa masoni. Nani atapima?

Siku ya pili, tarehe 3

Shemeji Anatole, kaka ya Anastasie, ni masoni wa kweli. Mutu wa polepole, ananiudhi. Akienda Fizi nitaonekana nilivyo. Nikamwambia Fizi banalipa sita na kapita, musimamizi wa kazi, anauma. Akanihurumia! Akanikopesha na timazi yake, maana nilisema nakwenda kunyoosha ile nyumba ya kuku.

Kisha sokoni. Haiwezekani muntu aondoke kimya kama mwizi. Nikaambia bantu bachache habari ya kumi na sita, bajue nakwenda kuwa nani. Tisa hivi. Kumi na mmoja, pamoja na muuza chumvi.

Siku ya ine, tarehe 5

Fizi. Nimepanda siku mbili, magoti yanalia kama bawaba. Nafika: Baraka yote iko pale! Bamekuja na kamyo. Muuza chumvi ameshika koleo. Bote bananishukuru, Muzee Albert huku, Muzee Albert kule.

Kapita ni Azarias, mutu wa Bibokoboko, anatembea kati ya matofali na fimbo yake ya ng'ombe. Akanipa matofali arobaini nijenge kona. Nikajenga. Nikaning'iniza timazi. Akatazama kona, akainamisha kichwa upande, akauliza kwa heshima: "Muzee, ni ukuta unakwenda, ao ni mi?"

Kaniandika mukoroga udongo.

Siku ya tano, tarehe 6

Azarias ametangaza: mikono imezidi udongo. Kuanzia leo mukoroga ni faranga nane. Asiyetaka, njia aliyojia bado iko. Bantu bote bakanitazama. Nikatazama mawingu. Mawingu hayakuwepo.

Siku ya posho, mwisho wa juma, tarehe 7

Siku ya posho, na posho haiko! Fizi hawapi. Ndagala zilezile nilizopewa bure Baraka, hapa zinauzwa; zimepanda mulima kama mi, zikajipa bei ya mulima. Faranga nane zinaingia mukononi, saba zinashuka tumboni.

Nikamuuliza Azarias kwa nini mushahara si mumoja, wakati serikali ni moja. Akasema kwao Bibokoboko aliyejenga kanisa alipewa ndama, hakuona faranga hata moja. Ndama! Nikaanza kufunga mzigo. Akasema kanisa lilikwisha mwaka jana.

Siku ya pili ya juma jipya, tarehe 10

Baraka. Nane ya Fizi nimeiacha, nimeshuka. Kwenye nyumba ya bagonjwa pamekuwa patupu, bakoroga bote balikimbia. Bwana mukubwa akapandisha mushahara: kumi na nane, na posho juu. Anatole, aliyebaki peke yake, sasa ni kapita. Akapewa na mabati kumi na mawili ili naye asikimbie. Yako juu ya nyumba yake, yanang'aa mpaka ziwani.

Na chini yake, kwenye mukeka wangu mwenyewe aliouchukua nyumbani, ameketi Anastasie. Amerudi toka Ubwari. Nikamukumbusha neno lake la mulangoni.

"Nilisema mabati," akajibu. "Sikusema ya nani."

Anatole hakucheka. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alinishukuru kwa kumuonya juu ya Fizi, akaulizia timazi yake, akanipa kazi ya kumi na nane mpaka mvua. Anastasie akasema nikikoroga bila kuhamahama, mwezi wa tisa tutakuwa na mabati yetu, naye atarudi nyumbani.

Siku ya tatu, tarehe 11

Nimekoroga nusu siku. Mugongo! Saa sita kamyo imepita. Uvira ni thelathini!

Anastasie ni bibi mwema, ila hesabu hajui. Anatole nimemwambia Uvira banalipa tano. Timazi bado iko kwangu, nimesema naisafisha. Bengine sijabaambia. Saba tu, na muuza chumvi.

Mwalimu Eugène, najua unapita kwangu na kusoma daftari hii nikilala, maana naamka nakuta umesahihisha makosa. Basi soma na hapa. Nyumba ya kuku nilikujengea bila kukuomba hata yai. Niandikie karatasi ya kuonyesha Uvira, kwa ile kalamu yako nzuri, kwamba Muzee Albert ni masoni wa kwanza. Habari ya kuinama, iache.