Viunza vya Cheti Nambari Moja

Siku aliyofariki baba yangu, kipaza sauti cha msikiti wa mtaa wetu, hapa Jepara, mji wa wachonga mbao, kilitoa matangazo mawili. La kwanza, kwa kuwa serikali hutangulia, lilisema kwamba kuanzia saa ile hakuna mkono utakaogusa msumeno wala patasi bila Cheti cha Maarifa ya Jumla ya Useremala. La pili lilisema kwamba Pak Kasturi, yaani Bwana Kasturi mchonga nakshi, amefariki, na atazikwa jioni hiyo hiyo.

Mimi ni karani wa Ofisi ya Uendelezaji wa Mbao, kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba mtihani ulikuwa wa haki. Mafundi wote waliufanya wiki moja kabla ya tangazo, na wote walifeli. Swali la kwanza liliuliza: ni jambo gani hufanywa kabla ya kukata ubao? Wote, akiwemo baba, waliandika: kunywa kahawa. Jibu sahihi lilikuwa: upembuzi yakinifu. Wasahihishaji walisikitika sana, kisha wakaenda kula. Aliyefaulu ni Mkuu wetu, Pak Hardiyono, ambaye ndiye aliyetunga maswali. Alijitunuku Cheti Nambari Moja, akajipigia makofi, nasi tukamuunga mkono.

Kwetu viunza, zile mbao za kumfunika maiti kaburini, havinunuliwi. Majirani huja na misumeno yao, wakavikata uani kwa marehemu huku wakitaniana. Siku hiyo walikuja. Ba'mdogo Sarpin alikuwa ameshalaza ubao wa mtiki juu ya benchi la baba, mara gari la Ofisi likasimama mlangoni.

"Weka chini!" Mkuu akasema. "Poleni kwa msiba. Misumeno yote inazuiliwa."

"Mkuu, mwenyewe yumo ndani anaoshwa," Ba'mdogo akasema. "Tumfukie hivi hivi, udongo umwangukie usoni?"

"Andikeni barua ya kuomba kibali cha muda. Itajibiwa siku za kazi."

"Na mpaka ijibiwe, tumlaze kwenye friza la samaki?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hilo liko chini ya Ofisi ya Uvuvi," Mkuu akajibu.

Mama akatoka chumba cha kuoshea, mikono bado inachuruzika maji. Hakuwa akilia.

"Mkuu, wewe cheti unacho?"

Mkuu akanyoosha mabega. "Nambari Moja, mama."

Mama akampa msumeno. "Haya. Jua linaondoka."

Mkuu alinitazama mimi, karani wake, nimwokoe. Nilimkumbusha kifungu cha tatu: mwenye cheti haruhusiwi kukataa kazi ya mbao yenye maslahi kwa umma. Alikiweka mwenyewe, ili kila kazi ya namna hiyo imlipe posho.

Akavua koti. Mtiki haujui vyeo. Msumeno uliruka, ukakwama, ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Mkuu, unakata au unakuna nazi?"

"Jaribu kuugongea muhuri, labda utapita!"

"Nisaidieni, jamani," Mkuu akasema, jasho likimtiririka mpaka kwenye mkanda.

"Tunatamani kweli, Mkuu," Ba'mdogo akasema, akivuta kigoda akae. "Ila hatuna sifa."

Viunza vilitimia magharibi ikikaribia, viganja vya Mkuu vimechubuka vyote viwili. Cha upande wa kichwani kilikuwa kimekwenda mshazari. Baba alikuwa mtu wa kuvunja kiti kizima na kuanza upya kwa kosa la unene wa ukucha. Nilikitazama kiunza kile mpaka udongo ukakifunika.

Kanuni bado ipo. Kuifuta kunahitaji kikao cha watu watatu wenye vyeti, na Mkuu yuko peke yake. Wakubwa wake wamempongeza kwa utekelezaji. Kwa hiyo sasa, mtu akifariki mtaani kwetu, iwe usiku au mchana, anapigiwa simu Mkuu, naye anakuja kukata viunza.